Nikilizwa Nitakupata Wapi? Maswali Yenu Kuhusu Kuaminika Mtandaoni

Meseji nyingi mlizotuma safari hii zinazunguka kitu kimoja, mteja anaona bidhaa, anaipenda, anauliza bei, afu anapotea. Mi nauza mashuka na mapazia, nilianza kwa kutandika chini Kariakoo ndo baadae nikahamia kwenye simu, na nilichokiona miaka yote hii ni kwamba wengi hawapotei kwa sababu bidhaa mbaya. Wanapotea kwa sababu kuna swali wanajiuliza kimoyomoyo na hawakuulizi: huyu akinila hela yangu nitampata wapi? Shikeni hilo tuanze.

Nauza viatu vya kike, niko Morogoro. Instagram nina wafuasi elfu tisa ila oda kwa wiki hazifiki tano. Watu wanakomenti "bei?" nawaambia njoo DM, hawaji.

Dada, hiyo DM ndo inawafukuza. Mtu akiona bei imefichwa anajua kuna bei yake na bei ya jirani yake, anahisi utamchungulia kwanza picha zake ndo umpangie. Andika bei pale pale chini ya picha, andika saizi zilizobaki na uko mtaa gani. Najua mnaogopa washindani wataiona, sawa wataiona, ila mshindani bei yako anaijua tayari maana mzigo wa jumla mnachukua sehemu moja.

Kuna lingine hukuuliza ila nimeingia kwenye peji yako nikaliona. Peji ina jina la duka, lakini namba ya kulipia uliyoiweka pale juu nimeijaribu inaleta jina la mwanaume. Sasa vuta picha, mteja wako yuko Kilosa, saa tatu usiku, kiatu ameshakipenda, ameweka namba, ameweka kiasi, na kabla hajaweka PIN simu inamletea jina la mtu ambaye hajawahi kumsikia maishani. Hapo kidole kinasimama. Anafuta, anakuandikia "nitalipa kesho", na hiyo kesho haifiki. Labda laini ni ya mumeo, labda ya kaka yako, yeye atajuaje? Chukua Lipa Namba yenye jina la biashara, na kama bado hujaipata basi muwahi, mwambie kabla hajalipa "jina litakalokuja ni la fulani, ni mume wangu". Ukimwambia mapema hashtuki. Akiliona mwenyewe kwanza, maelezo yako yote ya baadae yanakuwa kama ya kujitetea.

Nipo Dar, nauza blenda na majiko. Wateja wa mikoani hawataki kutanguliza hela wanasema walishalizwa, na mimi niliwahi kutuma mzigo kabla ya hela nikalizwa pia. Nani aanze kumwamini mwenzake?

Uanze wewe kaka yangu, maana we ndo unayetafuta wateja. Ila kuanza sio kugawa mzigo bure.

Kwa wa hapa hapa Dar mi analipa mzigo ukiwa mkononi mwake, ameshafungua na ameshika. Ila tunakubaliana kwa meseji kabla boda hajawasha pikipiki: nikileta tofauti na picha, nauli ya kwenda na kurudi juu yangu, ukikataa kwa sababu umebadilisha mawazo, nauli juu yako. Msipoandika hivyo mtagombana, nishashuhudia boda kasimama getini Tabata zaidi ya saa nzima jua linamchoma, mteja yuko ndani anasema aondoke, muuzaji kwenye simu anasema usiondoke.

Wa mkoani nachukua nusu. Nikipata nusu narekodi video moja ISIYOKATWA, shuka nalifungua lote kitandani, naonyesha pindo zote nne, nalikunja, naliweka kwenye mfuko, nazungushia soletepu, naandika jina lake na mkoa kwa maka peni kubwa, yote hayo kamera haijazimwa. Nasisitiza isikatwe kwa sababu video ikikatwa mahali popote mteja anawaza hapo ndo umebadilisha mzigo, na hana makosa kuwaza hivyo. Afu nikifika stendi ya Magufuli pale Mbezi napiga picha basi na namba zake na mzigo ukiwa kaunta. Anamalizia nusu yake, namtumia risiti ya kuchukulia mzigo. Wewe una bahati zaidi yangu, blenda unaweza kuichomeka ikazunguka kwenye hiyo hiyo video, na usisahau kuonyesha namba iliyobandikwa kwa chini ili akifungua kwake alinganishe. Mteja akishapokea mara mbili tatu bila shida wala hatakuuliza habari ya nusu, atatuma yote mwenyewe.

Nauza mitumba grade one Dodoma. Nilipie tiki ya bluu na ninunue wafuasi ili nionekane wa uhakika?

Wafuasi usinunue kabisa. Mtu anaona wafuasi elfu hamsini afu picha ina laiki nne, ameshakujua. Na ushuhuda wa kujiandikia mwenyewe ni uongo kama uongo mwingine, Marekani mwaka 2024 wameuwekea kanuni ya kuupiga marufuku kabisa. Tiki nayo, tangu 2023 Meta, wenye Instagram, wanaiuza kwa malipo ya kila mwezi, inasema wewe ndo wewe, haisemi mzigo unafika. Hiyo hela kasajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, chukua na TIN, namba ya mlipakodi, weka jina lilivyosajiliwa kwenye peji ili mtu akilitafuta alikute. Ukishamaliza hapo kama bado unaitaka tiki, haya lipia.

Mi fundi ujenzi, Tanga. Mteja yuko Muscat, alinipata kwa video ninazoweka TikTok, anataka nimjengee mama yake nyumba. Kila nikimwambia atume hela ya msingi anasita. Nimwambie nini?

Fundi pole na kazi, na naomba kwanza umuelewe huyo mtu. Watu wa nje wengi wameliwa na ndugu zao wa damu, katuma hela ya bati miaka mitatu, siku anarudi anakuta msingi umeota majani. Sasa we ni mtu wa kwenye TikTok. Dada yangu mwenyewe yuko Oman, aliwahi kutumiwa picha ya boma limesimama vizuri kabisa, akafurahi, afu akaangalia tena akaona nyuma ya boma kuna mnazi, na kiwanja chetu hakina mnazi. Alilia siku ile, na sio kwa sababu ya hela peke yake.

Kwa hiyo usimwambie "niamini bosi". Mvunjie kazi vipande, msingi, boma mpaka lenta, paa, finishingi, kila kipande na makadirio yake: mifuko ya saruji mingapi, nondo ngapi, tofali, tripu za mchanga, hela ya ufundi. Halafu mwambie hela ya vifaa asikupe wewe. Aitume moja kwa moja duka la vifaa, duka limpe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wewe upokee ya ufundi tu, na uipokee kidogo kidogo kila kipande kikikamilika. Najua mafundi wengi hapa mtanuna, maana kwenye vifaa ndo kuna kile cha juu mnachokula. Kiache. Kama ufundi wako ni laki nane sema laki nane wazi, ni bora kuliko useme laki tano afu zingine uzitafute kwenye saruji.

Na mama mwenyewe si yupo hapo hapo Tanga? Kila mzigo ukishuka mama ahesabu, au mjukuu wake ahesabu mbele yako, wapige picha wao waitume wao. Kila Jumamosi mpigie mteja video, tembea na simu polepole kona kwa kona, weka futi kamba ukutani asome mwenyewe kina na upana, na siku kazi imelala kwa sababu ya mvua mpigie pia umuonyeshe hiyo mvua. Kimya ndo kinachomuua mtu aliye mbali. Wiki moja ya kimya anaanza kupiga simu kwa majirani, na majirani nao unawajua wanavyoongeza chumvi.

Mi wakili kijana, Mwanza. Maadili ya kazi yetu hayaruhusu kujinadi kama wauza bidhaa, sasa watu mtandaoni watanijuaje na wataniaminije?

Mheshimiwa, wafundishe. Chukua kitu kimoja kinachowaumiza watu kila siku, mfano mkataba wa pango la fremu, mwenye fremu anakupandishia kodi katikati ya mkataba unafanyaje, kiongelee dakika mbili kwa Kiswahili cha sokoni. Usijisifu umeshinda kesi ngapi na usiweke mambo ya mteja wako hata ukimficha jina, mji mdogo watu wataunganisha. Na kwa vile vishoka wamejaa, waambie watu wahakikishe kama wewe ni wakili kweli kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, yaani waelekeze wewe mwenyewe hatua kwa hatua wakukague. Kishoka hawezi kuwaambia hivyo.

Naoka keki, Unguja. Mteja aliweka picha ya keki iliyoyeyuka krimu njiani, akaandika maneno makali chini ya picha zangu. Nikafuta nikamblok. Sasa kaweka stetasi na kwenye magrupu ya harusi. Nimechanganyikiwa.

Pole mdogo wangu. Hili nimelipitia nitakwambia lilivyokuwa. Nilimuuzia mama mmoja mashuka ya maruni nikamwambia hayachuji, nami niliambiwa hivyo hivyo nilikochukua sikuyafua kujaribu. Yakachuja, yakaharibu na taulo nyeupe alizowaandalia wageni. Akaandika chini ya picha. Nikafuta, niko kwenye daladala mkono unatetemeka. Kesho yake watu wanne tofauti wakaniuliza, ile komenti imeenda wapi? Hao wanne ndo walionitisha kuliko yule mama, maana kumbe walikuwa wanasoma kimya kimya muda wote na walikuwa wanasubiri waone nitamfanyaje.

Mfungulie leo. Mpigie simu, usimwandikie, maandishi yanasomeka kwa hasira ya anayesoma. Mwambie nimekosea, na usiweke "ila" baada ya hapo, usimwambie ila jua lilikuwa kali, ila dereva alichelewa. Shughuli ya watu imeharibika mbele za wageni, hela peke yake haifuti hilo. Mrudishie hela yote siku hiyo hiyo na uongeze ya kutolea, tafadhali, watu wanarudisha hela kamili afu mteja anakatwa yeye wakati wa kutoa, hapo unakuwa umempunja mara ya pili. Afu andika kwenye peji yako mwenyewe, kwa kifupi, nini kilitokea na nini umebadilisha, mfano keki za krimu sasa hazitoki kati ya saa tano na saa kumi, au zinapelekwa na gari sio pikipiki. Usimuombe afute alichoandika, akitaka atafuta.

Yule mama wa maruni nilimlipa mashuka na taulo. Hajarudi kununua kwangu mpaka leo na simlaumu. Kati ya wale wanne, watatu ni wateja wangu.

Nauza vitenge Arusha. Mtu kafungua akaunti kwa picha zangu, jina ni langu kaongeza nukta tu, kashaliza wateja wawili na sasa wananidai mimi!

Leo hii rekodi video uso wako unaonekana, umeshika kitenge, taja namba yako moja ya kulipia kwa sauti na sema huna nyingine, ibandike juu kabisa ya peji. Waombe wateja wako waripoti ile akaunti, wakiwa wengi inasaidia. Meseji za huyo tapeli zitumwe kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na hao wawili waende polisi wao na ujumbe wa muamala maana ushahidi wanao wao, wewe wasindikize. Piga na *106# uone kama hakuna laini imesajiliwa kwa NIDA yako bila wewe kujua.

Kuanzia sasa pia piga picha vitenge vyako sehemu moja ile ile, juu ya kiti kile kile, mkono wako na bangili yako vionekane. Tapeli anaweza kuiba picha ya jana, ila mteja akimwambia "nirekodie hicho cha njano kwenye kiti chako sasa hivi" hana pa kukitoa.

Na hao wawili, hela yao hukula wewe, ila usiwajibu kwa ukali. Wapigie kabla hujalala.