Kwa wadogo zangu mnaoanza kusikiliza makelele

Jumamosi mmoja wenu kafungua droni, muziki wa sauti ndefu inayobadilika polepole, ya dakika 40, kaiburuza kwa kidole mara tano, kisha katangaza: "Nishaisikia hii, haina kitu." Nikameza mate. Si busara hiyo, ni aibu tu, maana zamani nilikuwa vivyo hivyo, tena na kiburi juu yake. Haya, shikeni.

1. Msiburuze. Huna dakika 40? Sikiliza taarabu ya dakika 15, nayo ni nzuri.

2. Spika ya simu haina besi. Azimeni hedifoni. Nusu ya hicho mnachosema hakipo, kipo chini kule ambako simu haifiki.

3. Jueni kama mnachokisikia ni kazi ya mtu au ni hitilafu. Hapa naungama.

Enzi hizo nilikuwa nashusha muziki usiku wa manane kwa sababu bando la usiku lilikuwa rahisi. Nikaipata Trilogie de la Mort ya Éliane Radigue wa Ufaransa: karibu saa 3, sinthesaiza ya ARP 2500 na mikanda. Nikawa naisikiliza kwa amplifaya kuukuu niliyouziwa na fundi redio. Chini ya kazi nzima kulikuwa na mvumo mmoja, mmmmm, hausogei hata kidogo. Nikaupenda kuliko vyote. Nikauandikia kurasa mbili: eti huo ndio mauti yenyewe, yamekaa chini ya kila kitu, hayana haraka na mtu.

Siku ya kikao chetu cha kusikiliza nikabeba amplifaya yangu na waya wangu, taa zikazimwa, nikaanza kusoma huku kazi inalia. Watu wakatikisa vichwa. Dada mmoja alifumba macho kabisa. Asiyefumba ni fundi mitambo wa ukumbi, mzee aliyezeekea kwenye bendi za dansi. Akainuka taratibu, akapita nyuma yangu, akasukuma jeki ya waya wangu kwa kidole gumba.

Mauti yakanyamaza. Radigue akaendelea.

"Jeki haikukaa, mwanangu," akasema. "Huo ni umeme wa ukutani, hezi 50. Hata friji langu linaimba hivyo."

Wenzangu walicheka kwa adabu, na kicheko cha adabu ndicho kinachouma. Lakini kilichonimaliza kilikuwa nyumbani usiku ule. Niliirudia yote bila mvumo nikaona sikuwahi kuisikia. Sauti za mama yule zinakwenda kama maji yanayokupwa: unayakazia macho huoni mwendo, ukigeuka kidogo ufuko umeshakuwa mwingine. Na alifiwa na mwanawe katika miaka hiyo hiyo ya kuitunga. Mimi miezi minne nilikuwa nasikiliza ukuta wangu na kuupa sifa za msiba wa mtu. Zile kurasa mbili nilikuwa nimeshazisambaza kwa barua pepe. Yuko mmoja mpaka leo akikutana nami Kariakoo ananiita Mauti.

4. Kutunga muziki kwa sauti zilizorekodiwa hakukuanza Paris mwaka 1948. Pierre Schaeffer wa huko apewe haki yake, lakini mwaka 1944 Halim El-Dabh alikuwa Cairo na mashine ya kuazima inayorekodi kwenye waya wa chuma, akanasa ngoma ya zar ya kina mama, kisha akaipeleka studio ya redio akaichambua mpaka ikabaki mwangwi. Waulizeni bibi zenu wa pwani habari za kupunga pepo. Watamwelewa El-Dabh kabla yenu.

5. 4′33″ ya John Cage, ambayo mpigaji hapigi noti hata moja: faili halijaharibika. Acheni kunitumia ujumbe.

6. Singeli. Aliyeniambia singeli ni fujo za vigodoro, wiki iliyofuata kanitumia Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli hiyo hiyo, macho yamemtoka: "Kaka, sikia mambo ya Kampala haya!" Kampala ndiko waliko lebo ya Nyege Nyege Tapes walioitoa mwaka 2017. Muziki wenyewe umepikwa Mburahati, Dar, daladala moja tu kutoka nyumbani kwake. Nikamwambia aende akasimame mbele ya spika, abebe na pamba ya masikio. Hajaenda. Anasubiri santuri ifike posta.