Muuguzi na Nyumba ya Mkulima

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mdogo wangu ni muuguzi nchini Uingereza, katika kaunti ya Devon, anakoishi na mkewe na watoto wawili. Amepata nyumba nje ya mji ambayo bei yake iko chini ya nyumba za jirani kwa karibu theluthi moja. Dalali amemweleza kwamba ina sharti la kukaliwa na mtu wa kilimo, lakini eti hakuna anayelifuatilia. Anaomba ukoo uuze sehemu ya shamba letu la Kisesa ili tumwongezee fedha. Tumkubalie?
Msomaji, Kisesa, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, msiuze chochote kabla mdogo wako hajaonana na wakili wa ardhi wa hukohuko, kwa sababu muuguzi hawezi kuishi kihalali katika nyumba hiyo kwa kuilipia tu na kuandikishwa kuwa mmiliki.

Tangu sheria ya mipango ya mwaka 1947, mwenye shamba Uingereza hajengi nyumba popote apendapo katika ardhi yake, kwani ardhi ya wazi ya mashambani hulindwa kwa ukali. Hata hivyo, ng'ombe huzaa usiku wa manane, na mkulima akithibitisha kwamba kazi yake haiwezekani bila mtu kulala hapo, huweza kupewa kibali. Ili nyumba iliyoruhusiwa kwa sababu hiyo isije ikaishia mikononi mwa tajiri wa mjini, kibali huwekewa sharti kwamba mkaaji awe mtu ambaye kazi yake pekee au kuu ni kilimo au misitu katika eneo hilo, au aliyeifanya mwisho kabla ya kustaafu, au mjane au mgane wake, pamoja na wategemezi wanaoishi naye. Kulima mboga siku za mapumziko hakutoshi.

Sharti hilo hubaki na nyumba hata ikiuzwa mara kumi. Linabana ukaaji wala si umiliki, hivyo mdogo wako angeweza kuinunua na kumpangisha mfanyakazi wa shamba, ila yeye anatafuta pa kulaza watoto. Mabenki mengi nayo husita kukopesha kwa nyumba za namna hii.

Maneno ya dalali yana chembe ya ukweli iliyo hatari. Sharti likivunjwa mfululizo kwa miaka 10 bila mamlaka kuchukua hatua, mmiliki anaweza kuomba cheti cha uhalali, lakini ni juu yake kuthibitisha miaka hiyo yote. Kabla haijatimia, mamlaka inaweza kumpa ilani, na kuipuuza ilani hiyo ni kosa la jinai. Kuomba sharti liondolewe inawezekana pia, ingawa kwa kawaida hutakiwa ushahidi kwamba nyumba imetangazwa kwa muda mrefu, kwa bei inayozingatia sharti, na wakulima hawakuitaka.

Mimi naliona sharti hili kuwa la haki, maana bila hilo mkamua ng'ombe hawezi kushindana na fedha za mjini. Ninyi wa Kisesa mmeona mashamba yanavyogeuka viwanja huku wakulima wakisogea mbali zaidi. Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiangalii kazi ya anayelala ndani ya nyumba. Inategemea halmashauri ya kijiji, ambayo idhini yake huhitajika hakimiliki ya kimila inapohamishwa. Kama shamba lenu bado ni ardhi ya kijiji, idhini hiyo itawahusu nanyi.

Jambo moja hukulitaja, nalo ni kazi ya shemeji yako. Iwapo ameajiriwa kwa sehemu kubwa ya muda wake katika shamba la jirani, huenda yeye ndiye anayetimiza sharti, na mume na watoto wakaishi humo kwa haki yake. Mdogo wako aombe nakala ya kibali cha awali, ambacho kimo katika daftari la wazi la halmashauri ya eneo hilo, ampelekee wakili pamoja na mkataba wa ajira wa mkewe.