Dada, fleti hainunuliwi kwa likizo ya siku nane

Juzi nimepokea ujumbe wa dada mmoja muuguzi. Amebakiza miaka mitatu astaafu huko Uingereza. Alikwenda likizo Alanya, Uturuki, akakaa siku nane, na sasa kuna dalali anamsubiri atume malipo ya awali ya fleti yenye bwawa la kuogelea chini na bahari kwa mbali. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, huu ndio mji wa nje wenye maisha nafuu kuliko yote, au kuna mwingine?"

Nililisoma mara tatu, nikaacha chai ikapoa. Swali hilo niliwahi kuiuliza intaneti mimi, kwa maneno yaleyale, na nikajibiwa vizuri sana. Jibu lile limenila sehemu kubwa ya kiinua mgongo.

Nilikuwa fundi wa mitambo ya meli kwa miaka 28. Mabaharia tuna ugonjwa wetu: tunadhani tunaijua miji. Unateremka Santos siku mbili, Rotterdam siku tatu, Busan usiku mmoja tu wa mvua, halafu ukirudi melini unasimulia kama uliyezaliwa pale. Kwa hiyo kustaafu kulipokaribia sikuona haja ya kuuliza watu. Nilitafuta kwenye intaneti orodha za miji nafuu, nikapanga kwa kodi ya nyumba kuanzia ya chini, nikachagua Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand. Mji usio na bahari. Bahari nilikuwa nimeshiba.

Tulikwenda Desemba 2014, wiki mbili, mimi na mke wangu. Asubuhi kibaridi kizuri, anga ya buluu, mlima Doi Suthep umesimama juu ya mji, unahesabu miti yake ukiwa kitandani. Daktari wa meno alinitibu kwa pesa ambayo nilidhani ni ya kujiandikisha tu. Siku ya tisa nilikuwa kwenye ofisi ya dalali. Sheria ya Thailand hairuhusu mgeni kumiliki ardhi, ila fleti anaweza, mradi wageni wote kwa pamoja wasizidi asilimia 49 ya eneo la jengo. Dalali alinieleza hilo kwa namna ya mtu anayekufichulia siri: fungu la wageni limebaki na fleti mbili tu, na moja ina mtu anaitazama kesho.

Mke wangu akaniuliza, "Mbona tunanunua kabla hatujakaa?" Jibu nililompa silirudii hapa. Lilikuwa jibu la mtu anayejua miji.

Nilisaini.

Tulihamia Januari 2016. Viza ya wastaafu ya Thailand inataka uwe umefika miaka 50, na uwe na baht 800,000 kwenye benki ya kwao au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Nikaweka amana. Kila siku 90 unaripoti unakoishi. Hayo hayakunisumbua hata kidogo. Nimeishi maisha yangu yote kwa makaratasi ya bandari. Wiki sita za kwanza nilikuwa mfalme. Nilituma picha za mlima kila asubuhi kwa ndugu, marafiki, na kwa watu ambao hata hawakuniomba.

Mwishoni mwa Februari mlima ukatoweka.

Sitanii. Niliamka nikadhani ni ukungu. Kufika saa sita mchana ukungu haujaondoka, na jua limekuwa kijiduara chekundu unaweza kulikazia macho bila kuumia. Ulikuwa moshi. Kila mwaka, kuanzia Februari hadi Aprili, misitu na mabaki ya mashamba huchomwa kaskazini mwa Thailand na ng'ambo ya mpaka, Myanmar na Laos. Chiang Mai uko bondeni, milima imeuzunguka, na hewa ya joto hukaa juu kama mfuniko wa sufuria. Moshi hauna pa kwenda mpaka mvua za Mei. Kuna siku za Machi mji ule huongoza miji yote mikubwa duniani kwa hewa chafu.

Mke wangu ana pumu. Nilijua ana pumu. Nilikuwa nimelala kitanda kimoja na pumu ile miaka thelathini.

Usiku wa pili wa Machi tulikuwa hospitalini, yeye na bomba la oksijeni puani, mimi na karatasi za bima mkononi. Bima ikakataa, kwa sababu ugonjwa uliutangulia mkataba. Na hawakudanganya, ilikuwa imeandikwa, ukurasa ambao nilisaini bila kuusoma. Mzee mmoja mgeni, jirani wa ghorofa ya chini, nilipomsimulia alinishangaa. "Machi? Machi sisi wote tunaondoka. Tunakwenda visiwani." Wote! Kumbe zile orodha zilikuwa zinahesabu kodi ya miezi tisa na kusahau kwamba mitatu unalipa mahali pengine.

Kuiuza fleti ilituchukua miaka miwili na misimu mingine miwili ya moshi. Dalali aliyekuwa akinipigia mara tatu kwa siku sasa simu yake inaita tu. Nikagundua pia kwamba ninahitaji cheti cha benki kuonyesha pesa ya kununulia iliingia nchini kwa fedha za kigeni, cheti ambacho yeye aliniambia kukitunza "si lazima sana". Tulipofika, dola moja ilikuwa inakupa kama baht 35. Mwanzoni mwa 2018 ilikuwa inakupa 31. Pensheni yangu ni ya dola, kwa hiyo kila mwezi nilikuwa nakatwa mshahara na mtu nisiyemwona. Tuliuza mwaka ule. Hasara yake sijawaambia hata wanangu, na nyinyi sitawaambia. Shemeji yangu alipopata habari alinitumia kikatuni cha kucheka. Bado sijamjibu.

Sasa dada yangu wa Alanya, tusikilizane.

Tuanze na hiyo ruhusa ya kuishi, kwa sababu dalali hatakuanzia hapo. Julai 2022 Uturuki ilifunga mitaa zaidi ya elfu moja kwa wageni wapya wanaoomba kibali cha kuishi, ile ambayo wageni walikuwa wamepita asilimia 20 ya wakazi. Alanya ilikuwa na mitaa ya namna hiyo. Maana yake unaweza kumiliki fleti ukalipa kila kitu, na bado ukawa mtalii ndani ya nyumba yako. Muulize dalali jina la mtaa, usiulize jina la jengo. Na huo unafuu uliouona kwenye menyu, Oktoba 2022 mfumuko wa bei wa nchi ile ulipita asilimia 85 kwa takwimu za serikali yenyewe. Bei uliyoipiga picha likizoni haikusubiri.

Upande mmoja una bahati ambayo pengine huijui. Pensheni ya serikali ya Uingereza ukiihamishia Uturuki huendelea kupanda kila mwaka kama ungekuwa kulekule. Ufilipino nako, na nchi za Umoja wa Ulaya. Lakini ukiipeleka Thailand, Malaysia, Kanada au Australia inaganda pale ilipokukuta siku ya kuhama, na utakula kiasi kilekile ukiwa na miaka 67 na ukiwa na miaka 87. Hilo peke yake lingeweza kukuchagulia mji kabla hujatazama kodi ya nyumba.

Baada ya Chiang Mai tulifanya kile ambacho mke wangu alikisema mwanzo: kupanga nyumba kwanza. Cuenca, Ekuado, inasifiwa sana, inatumia dola tangu 2000, na kwa mtu wa pensheni ya dola hiyo ni raha. Iko mita zaidi ya 2,500 juu ya bahari. Tulidumu siku tisa. Mke wangu akipanda ngazi moja anakaa. Penang, Malaysia, ndiyo iliyonitoa machozi kuiacha. Hospitali zake ni nzuri kiasi kwamba watu wanavuka bahari kutoka Sumatra kuja kutibiwa. Lakini kutoka Sumatra hiyohiyo, miaka mingine, ikifika Septemba unakuja moshi wa misitu, na neno "moshi" nyumbani kwetu halitamkwi tena. Baadaye nilishukuru. Mwaka 2021 Malaysia ilibadilisha masharti ya mpango wake wa wakazi wa kigeni, ikadai kipato cha ringiti 40,000 kwa mwezi kutoka 10,000, halafu 2024 ikabadilisha tena. Mtu uliyeuza kila kitu ukiwa njiani unakwenda, unasomaje habari kama hiyo?

Hatimaye tukaja Coimbra, Ureno, Oktoba 2019. Tulipanga vyumba viwili, euro 480. Lisbon na Porto tulizikwepa kwa sababu kodi zilishaanza kukimbia. Coimbra iko kati ya miji hiyo miwili kwenye njia ya treni, ina chuo kikuu cha mwaka 1290 na hospitali kubwa ya chuo, na tukishakuwa wakazi halali tunatibiwa kwenye mfumo wa umma kama wenyeji. Viza yao ya watu wenye kipato cha kudumu, D7, inataka angalau kima cha chini cha mshahara cha nchi, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 870, na nusu ya hiyo kwa mwenzi wako. Wafanyakazi wenzangu wawili wamenifuata huku. Wawili! Mmoja wao ndiye aliyeniambia 2016 kwamba nimerukwa na akili.

Lakini nisije nikawa kama yule dalali. Nimepita bahari ya kaskazini Januari, na sijawahi kusikia baridi kama ya ndani ya nyumba ya Kireno. Nje nyuzi 9, ndani 11, hakuna mfumo wa kupasha joto nyumba nzima, kuvu inapanda ukutani nyuma ya kabati. Mwaka wa kwanza tulilala na kofia. Mji umejengwa kilimani, na kuna ngazi za kupandia mji wa kale zinaitwa Quebra Costas, yaani Vunja Mgongo. Nilizichekea nilipotafsiriwa: nimekula kiinua mgongo ili nije kuvunja mgongo. Leo goti langu halicheki. Lile punguzo la kodi ya mapato tulilolikuta, ambalo wengi walilifuata, lilifungwa kwa wageni wapya 2024. Mwaka 2022 dola ilifikia sawa na euro, nikanunua televisheni. 2025 euro ilipita dola 1.15, na televisheni ninaitazama kwa kinyongo. Mwenye nyumba sasa anaomba euro 700.

Ndiyo maana ninakasirika ninaposoma watu wanaandika "hamia mji fulani, utaishi kwa dola 900". Nani ataishi? Ana goti gani, mapafu gani, pensheni ya nchi ipi, ya fedha gani? Nendeni mkapange, ndugu zangu. Pangeni mwaka mzima, na mwanzo wa mwaka huo uwe msimu ambao wenyeji wanaulalamikia. Mkifika, msiulize migahawa. Ulizeni usiku wa manane ukibanwa na kifua gari linakuja baada ya dakika ngapi, na daktari anayekupokea anazungumza lugha gani. Kampuni nyingi za bima hazitaki mteja mpya aliyepita miaka 70 au 75, kwa hiyo mfumo wa umma wa huko mliko ndio bima yenu ya uzeeni. Na kama hamjapanga, msinunue. Nimeshasema pangeni? Pangeni.

Kiburi kinatuponza. Tunataka kuagwa kama watu wanaokwenda kwenye nyumba yao, tunaona aibu kusema "tunakwenda kujaribu". Mimi niliona aibu hiyo, na nimeilipia kwa baht.

Dada amenijibu jana. Amemwambia dalali asubiri, na amekata tiketi ya Alanya kwa mwezi Agosti wote, kipindi cha joto kali, atapanga chumba. Dalali amemwambia bei itapanda. Hata mimi niliambiwa bei itapanda.

Mke wangu anasema nimeandika haya yote ili nipate kuizungumzia ile fleti. Huenda. Kwenye simu yangu bado nina ile programu ya kupima hewa, na mji wa kwanza kwenye orodha ni Chiang Mai, sijaufuta. Ikifika Machi naifungua kila nikiamka, kabla hata sijavaa miwani vizuri, nikiwa nimempa mgongo asinione. Leo asubuhi ilikuwa nyekundu.