Mchanga umelewa

Jana kijana wangu alitoa koleo kwenye ndoo ya maji, akalikung'uta mara mbili, akataka kulizamisha kwenye chungu cha alumini iliyoiva. Nilipiga kelele mpaka mama ntilie wa jirani akatoka na mwiko. Wiki iliyopita alikuwa mwenzake, kosa lilelile. Madogo, naandika maana kuna siku nitakuwa nimetoka kufuata mkaa.

1. Fuawe ya dukani isikuumize kichwa. Kipande cha reli kinatosha. Kisimamishe wima, nyundo ikute chuma kingi chini yake. Ila usinunue reli kwa watu wa usiku, utakwenda kujifunza ushonaji wa viatu pale gereza la Karanga.

2. Springi ya gari ukishaifua, ipashe mpaka sumaku isishike, kama nyuzi 770, uizimishe kwenye oili. Kwenye maji utasikia "tik", panga limepata ufa.

3. Bomba la maji lenye zinki usilitie motoni. Zinki huchemka kwa nyuzi 907, na moto wetu unapita hapo. Ukivuta ule moshi mweupe, usiku unatetemeka kama mwenye malaria. Maziwa mnayoyategemea ni chakula tu.

4. Maji. Hapa mnivumilie.

Ilikuwa masika, niko uani kwangu Pasua, mjini Moshi, nina oda ya puli ya mashine ya kusaga. Mzee aliyenifundisha alipita asubuhi, akaminya mchanga wangu kiganjani, akasema, "Umelewa huu." Akaondoka. Mimi nikaona mzee ana wivu. Kalibu, lile umbo la mchanga la kumiminia alumini, ilikuwa ikimomonyoka kila nikitoa kielelezo, yaani mfano wa puli unaoacha nafasi yake mchangani, kwa hiyo nilikuwa nimeongeza maji, nikaongeza tena, kama mtu wa kufyatua tofali. Mteja kakaa juu ya pikipiki anaangalia saa.

Alumini inayeyuka kwa nyuzi 660, na ubaya wake haitishi. Chuma kikiiva kinang'aa, unakiheshimu. Hii imetulia tu kama maziwa kwenye sufuria. Nikamimina. Kalibu ikanguruma, halafu ikacheua yote kupitia tundu lilelile nililomiminia. Maji yakigeuka mvuke hutanuka kama mara 1,700, yatapita wapi? Iliyomwagika ikakuta sakafu ya saruji, nayo saruji hunywa maji. Sakafu ikapasuka, vipande vikaruka hadi ukutani.

Na mimi, fundi mzima, nimevaa kandambili.

Tone moja lilikaa kati ya kidole gumba na ukanda. Kabla ya maumivu nilisikia harufu ya mpira. Mama watoto nikamwambia nimemwagikiwa na uji. Mteja nikamwambia mchanga wa mto ule ni mbovu, na uongo huo niliushikilia miaka. Mzee sikumwambia kitu. Alitazama bandeji, akaniomba kiberiti.

Basi: mchanga ukiuminya ushikane, ukiuvunja uvunjike safi, na kiganja kibaki kikavu. Pistoni na kila chakavu kikae kwanza juu ya mfuniko wa tanuri, kikauke. Koleo na upawa vivyo hivyo. Mimina juu ya mchanga mkavu, si saruji. Buti za ngozi, suruali ije nje ya buti.

5. Blowa, ile feni ya kupulizia moto, ifungwe mbali na cheche. Basi.

Koleo la jana nimelitundika ukutani karibu na tanuri. Kesho nikilikuta ndooni, aliyelitia atachemsha chai ya wote mpaka Jumamosi, na sukari ananunua yeye.