Kabla hujagawanya nyutrofili kwa limfosaiti

Mdogo wangu unayeanza utafiti hapa Tabora, huenda ukapewa kazi niliyoanza nayo mimi: kufukua mafaili ya wagonjwa wa saratani ya mapafu waliopelekwa mionzi hospitali ya Bugando au ya Ocean Road, kuchukua majibu ya FBP (kipimo cha kuhesabu seli za damu), kisha kutazama nani aliishi muda gani. Hesabu yenyewe haina ujanja. Nyutrofili na limfosaiti ni aina mbili za seli nyeupe za damu: nyutrofili 6.4, limfosaiti 1.6, unagawanya, unapata 4. Tafiti nyingi zimeona kuwa uwiano huo ukiwa juu kabla ya tiba, uhai huwa mfupi zaidi.

Mimi nilijikwaa kwenye dawa. Jedwali langu la kwanza lilipendeza mno. Wenye uwiano mkubwa walikuwa wamekufa mapema karibu wote. Mwalimu akaliangalia, akauliza: "Deksamethasoni walianza lini?" Sikuwa nimeandika. Wengi wao saratani ilikuwa imefika kwenye ubongo, wakapewa dawa hiyo ya kupunguza kuvimba kwa ubongo kabla ya kutolewa damu, nayo hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti. Kumbe nilikuwa napima sindano! Nikarudi stoo ya mafaili, wiki mbili za vumbi.

Kwa hiyo pembeni ya kila kipimo weka tarehe, dawa, na maradhi mengine. Malaria hushusha pleteleti (chembe za kugandisha damu), VVU hushusha limfosaiti. TB ndiyo inayonisumbua zaidi: kwenye picha ya kifua hufanana na saratani, na wapo wanaofika wameshameza dawa zake miezi kadhaa bila nafuu. CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukipambana na maradhi) ya mtu kama huyo ikiwa juu, usikimbilie kuilaumu saratani.

Kikomo cha kutenganisha "juu" na "chini" usikinakili kutoka makala ya China au Ulaya. Waafrika wengi wana nyutrofili chache kwa kuzaliwa, wazima kabisa, hivyo kikomo cha wengine kinaweza kutudanganya.

Halafu mionzi yenyewe. Limfosaiti ni kati ya seli zinazokufa upesi zaidi kwa mionzi, na damu inayopita kwenye moyo na mapafu hupigwa kila kikao. Kipimo cha wiki ya nne ni habari nyingine kabisa, usikichanganye na cha kabla ya tiba. Ukikitumia, anza kuhesabu uhai siku kilipochukuliwa. Ukianzia siku ya kwanza ya mionzi, unawazawadia waliotoa damu hiyo wiki nne za bure, maana aliyekufa wiki ya pili hayumo kwenye orodha yako.

Asiyepatikana kwa simu usimwandike marehemu, wala usimwandike mzima. Mhesabu hadi siku ya mwisho uliyojua yu hai. Ila kabla ya kukata tamaa, jiulize umempigia saa ngapi. Wavuvi wa dagaa kule Kigoma hukesha ziwani usiku wa giza na kulala mchana. Subiri mbalamwezi, wakiwa nyumbani. Akipokea mjane, toa pole, msikilize, tarehe itakuja yenyewe. Pengine atakwambia mumewe alifariki msimu wa maembe. Hapo uliza kwa upole kama ilikuwa kabla ya Krismasi au baada yake, uandike.