Joho limemfanya hagusiki, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi. Mi naendesha Dungeons & Dragons, ile gemu ya mezani ya kuigiza wahusika na kurusha dadu, na washkaji wanne kila Jumamosi, toleo la tano. Mwezi uliopita nikamwachia mpiganaji wetu Cloak of Displacement, lile joho linalofanya adui amwone kasimama pembeni kidogo ya pale alipo. Tangu siku hiyo adui zangu wanakata upepo tu. Jana zimwi nililoliandaa wiki nzima limepiga mara sita likakosa zote, jamaa anatafuna karanga huku anacheka. Nimwibie au? – Mwendesha gemu, Morogoro

JIBU: Usimwibie bana. Ukimnyang'anya mchezaji kitu alichokihangaikia atakununia, na wenzake nao wataanza kulala na mizigo kichwani. Mi nilishamfanyia mtu hivyo na upanga wake, gemu ikafa ndani ya wiki tatu.

We fungua tena maelezo ya hilo joho usome mpaka mwisho, maana naona umeishia mstari wa kwanza. Ni kweli anayemshambulia anarusha dadu mbili za nyuso 20 halafu anachukua ndogo, kwa hiyo kama kawaida alihitaji 11 au zaidi ndo ampate, nafasi yake inashuka toka nusu hadi robo. Lakini jamaa akiumia tu, hata pointi moja, joho linazima mpaka zamu yake inayofuata ianze! Sa unaona tatizo lilipo, umeleta zimwi moja. Leta magobilini wanne, vile vijizimwi vidogo, kila mmoja na hiyo robo yake, kuna kama asilimia 68 kwamba angalau mmoja atampata, na akishampata waliobaki wanapiga kama vile joho halipo.

Tena kuumia si lazima kutokane na panga. Mchawi akirusha mpira wa moto hakuna dadu ya kushambulia pale, mlengwa ndo anarusha ya kujiokoa na hata akifaulu bado anakula nusu ya moto, joho limezima, na wale wapiga mishale wako waliochutama nyuma ya mapipa muda wote huo ndo waamke sasa. Halafu akinaswa asiweze kusogea, mfano kwenye utando wa buibui mkubwa, joho halifanyi kazi kabisa. Ila usimletee buibui kila Jumamosi, atajua unamwinda.

Na mhesabie kavaa vingapi. Vitu vya uchawi vinavyotaka mvaaji avizoee kwanza ndo vimfanyie kazi (tunaita kujifunga navyo, kwa Kiingereza attunement), kama hilo joho, mwisho vitatu kwa wakati mmoja, na kila kimoja anakaa nacho mapumziko mafupi ya saa nzima. Wachezaji husahau hili, sijui kwa nini husahau upande mmoja tu.

SWALI: Mchezaji wetu kachoka na majoho na viatu vya kizungu, anataka mhusika wake avae kanga ya uchawi. Inawezekana? – Tanga

JIBU: Inawezekana sana, ila usichukue joho ukalibadilisha jina tu. Anza na kanga yenyewe: inauzwa doti, vipande viwili, na ina jina. Basi wahusika wawili wagawane doti, kila mmoja kipande chake. Ile saa ya kujifunga nayo waitumie kuikata na kuipinda, asiyepinda haimkubali. Kisha mara moja kwa siku mmoja anaweza kubadilisha jina la kanga yake, maneno yasizidi kumi, na maneno hayohayo yanatokea kwenye kipande cha mwenzie popote alipo, hata akiwa kwenye shimo la joka.

Utamu wake ni kwamba aliyejifunga kiunoni jina linamkaa nyuma. Hawezi kujisomea, ama aivue katikati ya vita ama amwombe mtu amsomee, na aliye karibu mara nyingi ni yule mwizi wa kundi.