Fildi kwenye karakana ya uchapaji ya zamani

Mdogo wangu, nimekuelewa: unasomea sanaa Tennessee, Marekani, kwa viza ya F-1 (ya mwanafunzi), umepata fildi Hatch Show Print, karakana ya kuchapa mabango pale Nashville, na unahofia utaishia kufagia. Kufagia kupo. Ila kazi kubwa itakuwa kurudisha herufi, yaani vipande vya mbao au chuma vinavyopangwa ili kuchapa maneno, kwenye droo zake baada ya kuchapa, moja moja. Usiidharau. Herufi zimegeuzwa kama kwenye kioo, kwa hiyo b, d, p na q zitakuchezea shere. Mimi, kwenye karakana nyingine, niliwahi kuchanganya droo mbili nzima, nikazipanga upya hadi usiku.

Karakana ile ipo tangu 1879. Herufi za mbao usizioshe kwa maji, zitapinda. Za chuma zina madini ya risasi: nawa kabla ya kula. Vua pete, funga nywele, na mashine ikizunguka mikono kaa nayo mbali.

La haraka zaidi: kabla ya siku ya kwanza, hata kama hulipwi, pitia ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni uulizie kibali cha CPT, yaani ruhusa ya mwenye F-1 kufanya mafunzo ya kazi yanayohusiana na masomo yake. Hapo usimsikilize mtu wa pembeni, mimi nikiwemo.